Mbwa Amesingiziwa

Mwamba ngoma huvutia kwake, na Mputu alikuwa amevuta ya kwake mpaka ngozi ikakaribia kupasuka. Lori lake kuukuu aliliendesha miaka kumi na tisa akiwa askari katika kambi ya jeshi iitwayo Base, na jeshi lilipoliuza kama chuma chakavu, akalinunua yeye. Likidondosha matone, alikuwa na jibu: "Kamio yenye haivuje, haina mafuta." Ukibisha, unaambiwa raia ni raia tu.

Jumamosi hiyo lori lilikuwa liwapeleke Luena akina mama thelathini wa kwaya, wote katika kitenge cha aina moja, wakiongozwa na Albertine, mke wa Mputu. Albertine aliijua barabara ile na miteremko yake. Bila kumuuliza mumewe, akamwita fundi Kaumba.

Kaumba akajipenyeza chini ya lori, zikabaki nje ndala zake tu.

"Hii nyeusi njo mafuta ya moteri," akasema.

"Kawaida," akajibu Mputu.

"Hii ya rangi ya majani njo mayi ya radiateri."

"Kawaida. Hata weye unatokaka jasho."

"Na huku nyuma, gurudumu iko imelowana. Kintu nyepesi, inateleza. Njo mafuta ya freni, Papa."

Mputu akapandwa na hasira. Lori lake, livuje breki? "Ile ni mukojo ya imbwa," akasema. Mbwa mwenyewe, aliyekuwa amejilalia kando ya ukuta, hakuulizwa.

"Papa, imbwa inamwangaka mukojo upande ya inje. Hii iko ndani."

"Imbwa yangu ilizaliwa ku kambi. Inapita kila fasi."

Akina mama wakacheka mpaka vilemba vikalegea. Mputu aliona haya, na mtu akishaona haya, akili humpa kisogo. Akachutama, akapitisha kidole nyuma ya gurudumu, akakilamba mbele ya kwaya nzima ya Bwana.

Kicheko kikakatika. Ladha ile aliijua vizuri; jeshini alikuwa amevuta mafuta ya breki kwa mdomo kupitia mpira mara zisizo na idadi. Haikuwa ya mbwa. Akisema ni mbwa, heshima yake itabaki palepale, na akina mama watapanda, wataimba mpaka mteremko wa kwanza. Albertine alikuwa tayari ameweka mguu mmoja kwenye ngazi ya lori. Mputu akaogopa, kuliko alivyowahi kuogopa vitani.

"Shuka, mama," akamwambia. "Njo freni."

Akatema mate, akatema tena. Albertine akamletea kikombe cha maji, akasimama akimtazama anavyosukutua.

"Na kama ingekuwa mukojo?"

"Mungeenda."

"Na weye ungekuwa umelamba mukojo ya imbwa mbele ya bantu."

"Njo ile nilikuwa naomba Mungu," Mputu akasema.