Baba Hakunitoa

Kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano nimekuwa nikipewa pole na watu nisiowajua. Wananishika mkono benki, kwenye foleni, kwenye ngazi za majengo ninakokwenda kutengeneza umeme, wananiambia, "Wewe si ndiye yule mtoto wa kwenye filamu? Pole sana, dada. Nililia mpaka macho yakavimba." Zamani nilikuwa nasema asante. Siku hizi nasema, "Ulilia bure."

Filamu yenyewe inamhusu mwanamume mwenye ulemavu wa akili anayemlea binti yake peke yake, hadi siku anapoamua kwamba yeye hafai kumlea. Anamvalisha gauni la njano, anamshika mkono, anampeleka kwa mume na mke wenye nyumba kubwa na bustani. Anampungia mkono getini. Muziki unapanda, ukumbi mzima unatoa vitambaa. Ilipata tuzo. Mwongozaji wake aliwaambia waandishi wa habari kwamba aliitoa kwenye maisha ya kweli, ya dobi mmoja wa hospitali.

Dobi huyo ni baba yangu.

Alifanya kazi kwenye chumba cha kufulia miaka thelathini na mmoja. Kusoma hakujua, hesabu zilimpiga chenga tangu utotoni, na ukimwambia mambo matatu kwa mpigo alishika la kwanza, mengine yakadondoka njiani. Lakini mpe shuka. Alizikunja huku akijisemea, "Pembe kwa pembe, pembe kwa pembe," hata wenzake wakambatiza Pembe Nne. Wauguzi walizitambua shuka zake kabatini kwa kuzitupia jicho tu.

Mama alifariki nikiwa na miezi minane. Shangazi, dada yake baba, alikaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, na ulimi wake ulikuwa wembe. Watu walipomshauri amchukue mtoto kwa kuwa kaka yake ni taahira, aliwajibu, "Mtoto ana baba. Nyinyi mna nini?"

Nilipokuwa na miaka saba niliugua kifua. Nikapewa dawa mbili za chupa, moja ya kunywa mara mbili kwa siku, nyingine mara tatu. Baba alifunga uzi mwekundu kwenye shingo ya chupa ya kwanza, mafundo mawili. Na wa bluu kwenye ya pili, mafundo matatu. Kabla ya kuninywesha aliyapapasa mafundo kwa kidole gumba. Hakukosea hata siku moja. Ila dawa ya mchana nilikwenda nayo shuleni, na mwalimu wangu alipouona ule uzi akauliza umefungwa na nani, na kwa nini. Nikamweleza. Wiki hiyohiyo tukaitwa ofisi ya ustawi wa jamii.

Bibi wa ustawi alikuwa mwanamke mwembamba, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Hakuwa mbaya kwa sura wala kwa sauti.

"Saba mara nane ni ngapi?" alimuuliza baba.

Baba akafikiri. "Sijui. Kwani mtoto anakula saba mara nane?"

Shangazi alikohoa ili asicheke. Bibi wa ustawi akasogeza karatasi na kidau cha wino. Alisema wapo mume na mke, watu wazuri, hawana mtoto na nafasi wanayo. Baba atie dole tu, mambo yaishe kwa amani. Baba aliitazama ile karatasi muda mrefu.

"Nisomee."

Akasomewa.

"Sijaelewa. Kitu nisichokielewa sikitii dole."

"Basi nenda nyumbani ukafikirie."

Kesho yake baba akarudi. Alitoka kazini moja kwa moja, ananuka sabuni, akakaa kwenye benchi la mbao mpaka zamu yake ikafika. "Nisomee tena." Akasomewa. "Sijaelewa." Kesho kutwa vilevile. Alikwenda siku kumi na moja za kazi, hakuruka hata moja. Shangazi akamuuliza kwa upole, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, kama kweli haielewi ile karatasi.

"Nimeielewa tangu siku ya kwanza," baba alisema. "Wanamtaka mtoto wangu. Yule mama ndiye hajaelewa kwamba simtoi."

Siku ya kumi na mbili bibi wa ustawi alikuja nyumbani mwenyewe. Akatazama kitanda changu, shuka imenyooka kama meza. Akafunua sufuria. Akaziinua chupa za dawa, akahesabu mafundo, akasoma maandishi, akahesabu tena. Kisha akaniuliza ningependa kukaa na nani.

"Kwani nakaa na nani?" nikamjibu.

Akamwandika shangazi kuwa msaidizi wa mlezi, akaondoka na karatasi yake. Hakuna gauni la njano lililovaliwa. Hakuna aliyepunga mkono.

Mwongozaji wa filamu alikuja baadaye, baada ya kusikia habari zetu pale hospitalini. Alikaa na baba chumba cha kufulia wiki mbili, anakunywa chai na kuandika. Baba alimweleza siku zote kumi na moja, moja baada ya nyingine, maana kufupisha hajui. Kisha filamu ikatoka, picha yangu ikachapwa magazetini, na yule baba wa kwenye filamu akamtoa mwanawe.

Na kosa langu nitalisema, ingawa linanichoma. Nikiwa na miaka kumi na minne filamu ile ilionyeshwa shuleni, na wenzangu wote wakanigeukia. Ningeweza kusema ukweli. Nikawaambia kwamba nililelewa na wale wenye bustani. Ilikuwa rahisi zaidi kuonewa huruma kuliko kuwa binti wa Pembe Nne. Baba alipokuja kunichukua na baiskeli yake, mmoja akauliza yule ni nani. Nikasema ni mfanyakazi wetu. Baba alikuwa hatua tatu tu kutoka pale. Alifunga mfuko wangu kwenye kiti cha nyuma, akaukaza vizuri, akasukuma baiskeli.

Mwaka jana ikaja barua. Filamu inatimiza miaka ishirini na mitano, itaonyeshwa Jumamosi mchana, na sisi ni wageni wa heshima. Nilitaka kuichana.

"Sijawahi kuiona," baba alisema. "Twende."

Ni kweli hakuwahi kuiona. Shangazi alimkataza, na alipokufa baba aliendelea kutii. Nilimpigia koti pasi; akaliangalia, akalipiga upya.

Walituketisha mstari wa mbele. Mwanzoni baba alifurahi sana. "Huyu hajakunja shuka maishani mwake," alimcheka mwigizaji, kwa sauti, na watu wawili watatu wakacheka naye. Halafu likaja lile gauni la njano. Nikamwona anakaza shingo.

"Anampeleka wapi?"

"Kwa wale watu, baba."

"Wale wa karatasi?"

"Ndiyo."

Akasimama. "Siyo hivyo!" Ukumbi mzima ukamsikia. "Mimi sikumtoa! Huyu hapa! Huyu hapa amekaa!"

"Kaa chini, mzee!" wakapiga kelele nyuma. "Mtoeni huyo!"

Mkono wangu ulikuwa umekwisha kushika pindo la koti lake, unamvuta akae. Niliutazama mkono huo, nikaona aibu kuliko nilivyowahi kuona aibu. Nikaliachia. Mimi ni fundi umeme. Swichi za kumbi najua zinakaa wapi. Nikatembea hadi mlango wa pembeni, nikawasha taa zote.

Mwongozaji aliinuka kwenye kiti chake, nywele zake sasa nyeupe pe. "Mzee wangu, ile ni sinema," alisema. "Yule siyo wewe. Ni baba yeyote."

"Uliwaambia watu ni maisha ya kweli," nikamjibu mimi. "Ya dobi wa hospitali."

"Nilibadilisha mwisho ili waguswe. Na waliguswa, dada. Waliwapenda watu kama baba yako kwa sababu ya mwisho ule."

"Waliwapenda wakikubali kunyang'anywa. Aliyekataa hukuwa na kazi naye."

"Kwa nini walie?" baba akauliza, na alikuwa anauliza kweli. "Mimi sikulia. Nilikuwa na njaa, benchi lilikuwa gumu, lakini sikulia."

Akapanda jukwaani, ngazi moja moja kwa sababu ya goti, akasimama mbele ya ile picha iliyokuwa imefifia kwa mwanga wa taa. "Siku ya kwanza alinisomea," akaanza, "nikasema sijaelewa. Siku ya pili alinisomea, nikasema sijaelewa."

Wengine wakaondoka. Mwongozaji alinijia na kuninong'oneza, "Mwambie afupishe."

"Hajui kufupisha," nikamwambia. "Ndiyo maana nimekulia kwake."

Siku ya nne watu walicheka. Ya sita wakanyamaza. Ya nane, baba aliposema, "Akanisomea," mwanamke mmoja wa mstari wa kati akamalizia, "Nikasema sijaelewa." Ya tisa walisema watu kumi. Ya kumi na moja walisema kwa kishindo, na baba akashtuka, akanitafuta kwa macho ili ajue kama wamekasirika. Nikatikisa kichwa kukataa. Akacheka.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Karibu na kona yetu nikasema, "Baba, siku ile shuleni, ya baiskeli."

"Nilisikia."

"Nisamehe."

Baba hasemi jambo kabla halijaiva. "Ulikuwa mdogo," alisema. "Lakini ulikosea."

"Nilikosea."

"Haya. Usirudie."

Filamu haikubadilishwa. Mwongozaji aliandika barua ndefu ya heshima kueleza kwamba kazi ikishatoka imetoka. Nilimsomea baba barua hiyo. Akasema nisome tena. Nilipomaliza mara ya tatu aliniangalia kwa jicho la utundu, nikajua jibu lake, tukacheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Sasa tumesikia kwamba itaonyeshwa tena Alhamisi, kwenye chuo wanakosomea maafisa wa ustawi wa jamii. Wanaitumia kama somo: jinsi mzazi wa aina hii anavyoweza kusaidiwa kumwachilia mtoto. Hatukualikwa. Nimepiga simu, nikaambiwa ukumbi umejaa.

Nimeomba ruhusa kazini. Baba ameniuliza mara nne basi linaondoka saa ngapi, na mara zote nne nimemwambia: saa mbili asubuhi, baba, na tutawahi kufika kabla milango haijafungwa.