Shada Kwenye Geti la Mhakiki

Filamu mbaya haijawahi kunitisha. Kwa miaka kumi na tisa nimekaa safu ya tatu katika jumba pekee la sinema la San Gervasio, juu ya soko la nguo, na tiketi najinunulia mwenyewe ili nisimtegemee mtu. Jumamosi saa tatu asubuhi naingia redioni na mwenzangu Pido, tunazichambua filamu mpya za wiki. Yeye anachekesha, mimi nachinja. Mji mzima unaniita Manang Osing, kama vile mimi ni dada mkubwa wa kila mtu, na wanasema ulimi wangu unaweza kupara samaki.

Alhamisi ile nilitoka kutazama Usiku wa Daraja nimefura kwa hasira. Filamu ilitengenezwa na mpwa wa Meya Arrieta, na nusu ya mji ilisombwa kwa magari ya halmashauri kuja kuitazama. Ilihusu daraja letu lililoanguka miaka miwili iliyopita na kuua watu sita. Humo ndani, daraja linaanguka kwa sababu mlinzi wake amelewa chakari, anakoroma na chupa kifuani huku maji yanapanda, na meya anajitosa mtoni na shati jeupe kuokoa watoto. Shati lenyewe halikupata hata doa.

Mlinzi yule ana jina. Anaitwa Sabas Olmedo, na pombe haijui. Nilikuwepo kwenye uchunguzi siku aliposimama akaeleza kwamba aliripoti nyufa mara tatu katika ofisi ya meya, na mara tatu akaambiwa arudi kazini. Barua zake zilipotea. Maneno yake yalibaki vichwani mwa sisi wachache tuliokaa kwenye mabenchi yale, na kati yetu ni mimi peke yangu niliyekuwa na kipindi redioni.

Binti yake, Mirasol, alinisubiri chini ya ngazi za sinema. Ni jirani yangu. Amepanga chumba uani, nyuma ya nyumba ya pili, na njia ya kwenda kwake inapita ubavuni mwa geti langu.

"Manang, umeona walivyomfanya baba?"

"Nimeona, Inday," nikasema, kama tunavyowaita mabinti huku kwetu. "Mpaka mate yamenikauka."

"Yuko hospitali ya mkoa, mapafu yamejaa maji. Nesi kamwekea redio ndogo kitandani. Jumamosi hakosi kukusikiliza, unajua. Sema ukweli tu, hata dakika mbili. Asife anaitwa mlevi."

"Dakika mbili za nini? Nitawapa nusu saa nzima, hao na shati lao."

Nilisema kwa sauti, watu wakageuka. Mdomo wangu ni hodari sana barabarani mchana.

Kesho yake, Ijumaa saa kumi alasiri, nilikuwa naoga niliposikia pikipiki ikisimama nje. Mtu akaita mara mbili, kisha pikipiki ikaondoka. Nilichungulia dirishani nikaona migongo yao tu, wanaume wawili wenye helmeti. Kwenye geti langu walikuwa wameegemeza shada la maua meupe, refu kama mimi, juu ya miguu mitatu ya mbao. Lilikuwa na utepe wa zambarau wenye herufi za dhahabu: Rambirambi kutoka kwa Meya Fulgencio Arrieta na familia.

Nilivaa haraka nikatoka mpaka getini. Nilikaa chini pale pale, kwenye saruji, na taulo kichwani.

Mwaka jana, mtangazaji mmoja wa mji wa jirani aliletewa shada kama hilo Jumatatu. Jumatano akapigwa risasi akinunua skonzi za asubuhi. Wawili, kwenye pikipiki, helmeti vichwani. Hakuna aliyekamatwa na hakuna aliyeuliza sana.

Dada yangu Choleng alitoka jikoni na mwiko wa wali mkononi. Akatazama maua, akanitazama mimi.

"Osing, nani kafa?"

"Bado."

Mwiko ukamwanguka. Tuliliingiza shada ndani kama watu wanaoficha mali ya wizi, tukalisimamisha nyuma ya mlango wa stoo na kulifunika shuka. Nikazima simu, kwa sababu niliogopa sauti itakayotoka humo. Tukafunga madirisha. Choleng akawasha mishumaa kwa Bikira na kuanza kunisema kati ya sala na sala.

"Nilikwambia uandike mapishi. Watu wanaandika mapishi wanazeeka vizuri tu."

"Dada, usinichekeshe."

"Sikuchekeshi. Kesho sema nzuri ile sinema. Mzee Sabas ataelewa, ana roho ya kikristo."

"Na mimi?"

"Wewe uwe hai, basi."

Sikulala. Kila pikipiki iliyopita nje niliisikiliza mpaka ikapotea. Kufikia alfajiri nilikuwa nimezichana kurasa zangu nne za maandishi vipande vidogo sana, na kuvitia chooni.

Asubuhi nilitoka kwa mlango wa nyuma, nimefunga kitambaa kichwani. Kwenye makutano ya soko pikipiki yenye watu wawili ilisimama kando yangu, nikafumba macho nikingoja. Walikuwa mtu na mkewe, katikati wamebeba kapu la kuku. Kwapa langu lilikuwa limelowa mpaka kiunoni. Naandika haya bila aibu, kwa sababu aibu kubwa iko mbele.

Pido aliniona uso akaacha mzaha.

"Manang, unaumwa?"

"Washa mitambo."

Taa nyekundu ikawaka. Nikaisifu Usiku wa Daraja. Nilisifu picha, nilisifu muziki, nilisifu mto. Nikasema mpwa wa meya ana jicho. Pido alikuwa ananikodolea macho kupitia kioo, akidhani nawapaisha ili niwaangushe, maana ndiyo kawaida yangu. Mwishowe akashindwa kuvumilia.

"Na yule mlinzi mlevi, Manang? Watu wanapiga simu wanamuulizia yule."

Hapo ndipo pangetosha zile dakika mbili. Nilizihisi zikipita. Nikaiona ile migongo miwili, nikaiona skonzi barabarani.

"Aliyeigiza mlinzi ameigiza vizuri sana," nikasema. "Unamwamini kabisa."

Nikaipa alama zetu za redioni: viti vinne kati ya vitano.

Nilirudi nyumbani saa sita. Nje ya nyumba ya pili wanaume walikuwa wakifunga turubai, wengine wakishusha viti vya plastiki, na gari jeupe la maiti limeegeshwa mbele ya geti langu, milango ya nyuma wazi. Choleng alikuwa amesimama na mzee mmoja wa ofisi ya meya, aliyeshika orodha.

"Samahani sana, Manang," mzee akasema. "Lile shada la jana liko kwenu? Vijana walikuta kule uani hakuna mtu, wakaliacha hapa. Mimi niliwaambia wasubiri maiti ifike."

"Maiti ya nani?"

"Si huyu Mzee Sabas? Kafariki jana alfajiri. Meya hapitwi na msiba, unajua, kila msiba lazima shada." Kisha akatabasamu. "Nimekusikia redioni. Kumbe umeipenda. Nitamwambia meya, maana Jumamosi asubuhi yeye yuko kwenye mapigano ya majogoo yake, redio hasikilizi."

Najua mashada ya meya. Kila mtu hapa anayajua. Nimeyaona kwenye matanga ya wauza mboga na ya mahakimu, utepe ule ule, herufi zile zile. Hofu iliniondolea hata hilo.

Nilimwambia mzee alibebe mwenyewe. Mimi nilipita ubavuni mwa geti langu nikaenda uani mikono mitupu. Jeneza lilikuwa limeshawekwa, na Mirasol alikuwa akigawa kahawa na biskuti, macho makavu. Akanipa kikombe.

"Nilikupigia jana jioni, Manang. Simu yako haikupatikana."

"Nilikuwa nimeizima."

"Tulikuwa njiani na baba," akasema. "Dereva alifungua redio ya gari. Aliposema ni kipindi chako nikamwambia aongeze sauti, ili na baba asikie."

Kikombe kilikuwa kinaniunguza vidole na sikuthubutu kukiweka chini. Nilimweleza habari za shada, za helmeti, za mtangazaji wa mji wa jirani. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. Nikamwambia Jumamosi ijayo nitasema yote, nife nisife.

"Tunazika Alhamisi, Manang," akasema, kisha akaenda kuwamiminia kahawa wengine.