Mlio wa BSA ya Marehemu Owais

Niliitaka pikipiki ile tangu mwaka 1964, nilipokuwa kibarua wa kubeba magunia ya korosho bandarini Mtwara. Mwenyewe alikuwa Owais, mfanyabiashara wa Mikindani, aliyeinunua mnadani wakati Waingereza wanafunga mradi wao wa karanga na kuuza kila kitu, kuanzia matrekta hadi vitanda. Alikuwa akija nayo kupokea mizigo, anaiegesha penye kivuli cha ghala, nami napita karibu na gunia kichwani nikizikodolea macho herufi tatu za kwenye tenki: BSA. Ndizo herufi za kwanza nilizozijua maishani mwangu.

Nyingine nilizipata baadaye, katika masomo ya jioni, na nilizipata zote. Nilitoka kwenye gunia nikaingia karakana, nikaanza kwa kufagia, nikastaafu nikiwa fundi mkuu. Sisemi kwa kujisifu. Nasema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Mwaka 2006 Owais alikuwa marehemu wa siku nyingi. Nilikwenda Mikindani dukani kwake, ambako sasa anauza mwanawe Mohsinali, kununua misumari.

"Mzee Filipo," Mohsinali akaniambia akipima misumari, "lile dude la baba nalitoa uani. Kuna mhandisi mmoja Mzungu wa gesi kule Mnazi Bay, anapenda vitu vya kale. Analitaka hata likiwa bovu."

"Anataka kulipanda?"

"Anataka kuliweka sebuleni kwao Ulaya."

Nilihisi kama mtu kaniondolea kiti nikiwa nakaa. Mara sauti ikatoka nyuma ya pazia. Ilikuwa ya mama yake, Bibi Aminabai, aliyekwisha kupita miaka themanini. Macho yake yalikuwa na ukungu, lakini masikio yalikuwa ya paka.

"Sebuleni? Kwani Owais alikuwa sahani ya ukutani?" Akatoka akipapasa kaunta. "Filipo, wewe si fundi?"

"Ni fundi, mama."

"Basi ichukue ukaitengeneze. Siku utakayoileta hapa ikalia kama ilivyolia alipokuwa akija nayo mume wangu, ni yako, na kadi yake ya umiliki juu. Isipolia vile, Mohsin atampa Mzungu wake."

Mohsinali alicheka. "Mama, ile haijawaka tangu vita vya Kagera!"

"Nimesema."

Kwa hiyo mambo yalikuwa hivyo. Niliipakia kwenye gari la mizigo na kuipeleka kwangu Mtwara, mtaa wa Ufukoni. Mke wangu, Anna, alitoka jikoni akaizunguka akiwa na mwiko mkononi.

"Baba Happiness, hii ni pikipiki au kaburi la pikipiki?"

"Ngoja uone."

"Nangoja. Lakini ikiingia ndani, mimi natoka."

Haikuingia ndani. Niliijengea banda la makuti ubavuni mwa nyumba, nikaanza. Na hapo nikakutana na jambo ambalo hata karakanani sikuwahi kulikuta. Pistoni ilikuwa imeshikana na silinda kama vimechomelewa. Nilipofungua kichwa cha injini, sikukuta kutu. Nilikuta gundi ya rangi ya asali, na ilinukia nazi! Kumbe, kama Mohsinali alivyonieleza baadaye, Bibi Aminabai, kila mwaka, alikuwa akifungulisha plagi na kumimina mafuta ya nazi humo ndani, kwa sababu Mikindani kila chuma kinachoogopa chumvi ya bahari kinapakwa mafuta ya nazi. Mafuta yaliganda yakawa gundi, lakini chini ya gundi ile chuma kiling'aa kama kijiko cha arusi. Nilimimina mafuta ya taa, nikaianika injini juani, na Jumamosi moja mchana pistoni ikateleza yenyewe. Nilipiga ukelele majirani wakadhani nimeumwa na nge.

Spana zangu za kawaida hazikukubali boliti zake, si zile za milimita wala za inchi tunazozijua. Waingereza wa zamani walikuwa na vipimo vyao. Bahati nzuri karakana ya bandari walikuwa na seti moja ya tangu enzi hizo, imelala kwenye sanduku, na kijana aliyeshika nafasi yangu akaniazima. Mwanangu Kelvin, aliye Dar es Salaam, alinichapishia kutoka kwenye intaneti kitabu cha fundi cha BSA yenyewe. Kilikuwa cha Kiingereza kitupu. Nilikisoma na kamusi pembeni, neno kwa neno, na kila kitu nilikifunga kama kitabu kilivyosema: mwanya wa plagi, majira ya moto wake, mafuta ya kabureta.

Yale ya mwonekano nilifanya kwa akili yangu. Binti yetu Happiness anafundisha shule karibu na Kilambo, na barabara ya kule ni mchanga unaomeza magari. Nilifunga tairi pana nyuma, nikainua bamba la matope ili mchanga usijae, nikaunda kiti cha pili chenye springi kwa ajili ya Anna. Rangi niliipiga ya zambarau iliyoiva, msasa baada ya msasa, mpaka unajiona sura. Ekzosi ya zamani ilikuwa imeoza, ikabaki maganda. Nilimchorea Gaudensi, fundi wa kuchomelea, picha ya kitabuni, akaiunda upya na vizuizi vyake vyote vya ndani vya kupunguza kelele. Gaudensi aliitazama kazi yake akasema, "Mzee, hii ukiiweka kwenye gari la serikali, waziri anasinzia."

Siku ya kuiwasha nilipiga kiki mara nyingi mpaka goti likalalamika. Halafu ikakohoa. Nikapiga tena. Ikawaka! Ilizunguka kwa upole, mlio laini, unaolingana, kama kitabu kilivyoahidi. Anna aliacha kufua akaja mbio, mikono ina povu.

"Imewaka, Baba Happiness! Imewaka kweli!"

"Panda," nikasema.

"Na povu hili?"

"Panda hivyo hivyo!"

Tulizunguka Ufukoni nzima huku povu likiruka nyuma yetu.

Jumapili baada ya ibada tukaenda Mikindani, mimi nimevaa shati jeupe, Anna na kitenge kipya. Mohsinali alikuwa kibarazani na Mzungu wa gesi, aliyekuwa amekuja kuona kama kitu chake kinafika. Alipoiona aliinuka, akainama, akaigusa tenki kwa kidole kimoja kama mtu anayegusa mtoto aliyelala. Akasema kwa Kiswahili chake, "Nzuri sana. Nzuri sana sana." Nilijua mara moja kwamba nimemwongezea tamaa.

Bibi Aminabai alikaa kwenye kiti chake mlangoni. Nilipita mbele yake, nikaenda, nikarudi, nikasimama bila kuizima.

Akatikisa kichwa.

"Siyo hii."

"Mama, ndiyo yenyewe. Namba ya injini ni ile ile."

"Namba siisikii. Hii ni cherehani. Mume wangu hakuwahi kuja nyumbani na cherehani."

"Mama, kitabu cha wenyewe Waingereza kinasema—"

"Kitabu kilimjua Owais?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Mohsinali akanishika bega, kwa huruma kweli, akasema, "Mzee, umejitahidi, na kazi yako nitakulipa vizuri." Mzungu alikuwa tayari anaiona sebuleni, nilimwona usoni. Miaka arobaini na ushei naitaka, nimeifufua kwa mikono yangu, na sasa inaondoka kwa sababu inalia vizuri mno!

Anna ndiye aliyesema. "Mama, basi mwambie ilikuwa inaliaje. Yeye ni fundi wa chuma, si mganga."

Bibi akafikiri. Akakunja ngumi akagonga mkono wa kiti, polepole: "Du... du... du... du-pa! Du... du..."

"Sivyo, Mama Mohsin," akasema Mzee Hamisi, muuza kahawa wa pale jirani, akiweka dele lake la kahawa chini. "Unaisahau. Ilikuwa nzito zaidi. Dum! Dum! Halafu pale kwenye kona akipunguza mwendo: pa! pa-pa! Kuku wangu wanapanda dari."

"Kuku wako walikuwa waoga tu, wewe," akadakia mama mmoja kutoka dirisha la juu. "Ilikuwa bo-bo-bo, kama mtu anatwanga kisamvu. Mimi nilikuwa mtoto, lakini nakumbuka."

"Kinu kitupu au chenye kitu?" nikamuuliza. Nilikuwa nauliza kikazi sasa.

"Chenye kitu!"

Basi mtaa mzima ukaanza. Huyu dum, yule bo, mwingine anaifanya na mashavu yake mpaka mate yanaruka, na kila mmoja anamwambia mwenzake amekosea. Mohsinali mwenyewe, mtu mzima mwenye duka, akasahau biashara akasimama katikati ya barabara akifanya "dum-dum-dum-pa!" kwa tumbo lote. Mzungu akatutazama kama tumerukwa na akili.

Mimi nilifumba macho nikawasikiliza kama ninavyosikiliza injini. Mlio mzito wa kutwanga: ekzosi ya Owais ilikuwa haina kitu ndani, vizuizi vilikwisha kuoza au aliving'oa. Pa-pa kwenye kona: moto wa plagi ulikuwa unachelewa. Kwenye usukani wa BSA kuna kijiti cha kuwahisha au kuchelewesha moto. Kitabu kinasema ukiwa safarini kiwahishe. Owais, akikaribia kwake, alikuwa anakirudisha nyuma. Si ubovu. Alikuwa anapiga hodi.

"Mohsinali," nikasema, "una msumeno wa chuma dukani?"

"Wa nini?"

"Lete."

Gaudensi angeniona angelia. Niliizima, nikaifunga ekzosi kwa gunia lililoloweshwa maji maana ilikuwa ya moto, nikaanza kuikata mkia, pale pale barabarani, ile kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kuzisimamia. Kila nikivuta msumeno moyo unaniuma. Anna alishika upande wa pili, akaninong'oneza, "Una hakika?"

"Sina."

"Haya, kata."

Mkia ulianguka, vizuizi vikatoka nao. Niliwasha. Eh! Madirisha yalitetemeka. Mzee Hamisi akaruka nyuma na kikombe chake. Niliondoka hadi barabara kuu ya Lindi, nikageuza, nikarudi kwa mwendo, na kwenye kona nikafunga mafuta, nikavuta kile kijiti nyuma.

Dum. Dum. Dum. Pa! Pa-pa!

Kuku wakaruka. Si wale wa zamani, lakini walijua la kufanya. Na kabla sijafika mlangoni nikamsikia Bibi Aminabai akipaza sauti kuelekea ndani, sauti ya msichana kabisa:

"Anjum! Weka chuma cha chapati motoni, uanze kuchoma! Amefika!"

Halafu akajisikia mwenyewe. Akajifunika mdomo na mtandio, akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi, na mtaa mzima ukacheka naye. Anjum, mjukuu wake, akachungulia akiwa na unga mikononi: "Bibi, niweke kweli?"

"Weka! Wageni hawa watakula nini?" Akanielekezea kidole mahali alipodhani nipo. "Mohsin, mpe kadi yake. Ni yake."

Niliizima. Mohsinali aliingia, akatoka na kadi, lakini hakunipa mara moja. Alikuwa anaitazama pikipiki.

"Mzee Filipo," akasema chini chini, "baba hakuniruhusu kuigusa hata siku moja. Alisema nitaigeuza bembea."

Mzungu wa gesi alikuwa wa kwanza kunipa mkono. Alisema kitu kirefu kwa Kiingereza, na nilikielewa chote: alisema sebule yake ingeiua. Nikamjibu kwa Kiingereza vilevile, nikamshukuru, halafu nikamgeukia Mohsinali.

"Leta kadi yangu. Vua viatu hivyo, vaa vya kufunga. Panda."

"Mimi?"

"Nani mwingine? Mguu hapa. Usiiogope, ikijua unaiogopa inarudisha teke."

Ilirudisha teke. Mohsinali alirukaruka kwa mguu mmoja, mtaa ukamzomea, mama yake akauliza kwa furaha, "Imempiga? Imempiga?" Akajaribu tena, ikawaka, akashika usukani kwa mikono yote kama anashika pembe za ng'ombe, akaondoka akipinda huku na huku, shati limejaa upepo, akipiga kelele kuliko ekzosi yenyewe.

"Breki, Mohsinali!" nilipaza sauti nikimkimbilia. "Breki iko mguuni! Mguuni!"