Shokapu Mbili

Ikupa hakumsalimia muuza baiskeli. Aliingia dukani pale Tunduma mkono wake wa kushoto ukiwa umefungwa kitambaa shingoni. Nyuma yake mumewe, Amoni, alikuwa anasukuma baiskeli nyekundu yenye usukani uliopinda.

"Nani alituuzia takataka hii?"

Mwenye duka, Osea, alitokea kati ya matairi yaliyoning'inia. "Karibu, mama. Tuongee taratibu."

"Mimi sikuanguka taratibu!"

Ikupa ni mhudumu wa afya ya jamii Ibaba, kule milimani Ileje. Hupita nyumba kwa nyumba akipima watoto uzito na kupeleka dawa, na nyumba zenyewe moja iko kileleni, nyingine bondeni. Amoni alipomletea baiskeli ya mlimani, yenye gia nyingi na shokapu mbele na nyuma, aliimba kwa furaha. Lakini kupanda nayo kulikuwa adhabu. Kila alipokanyaga pedali, shokapu ya nyuma ilibonyea na kumeza nguvu zake, akabaki anahema palepale. Baiskeli yenyewe haikuwa na pa kufungia karia ya mizigo, kwa hiyo mzani na dawa alivibeba mgongoni. Kisha siku moja ya mvua, akiteremka kwenda kwa mama aliyejifungua, alibana breki mpaka vidole vikamuuma. Mipira ya breki iliteleza tu kwenye rimu iliyolowa. Aliishia mtaroni, mfupa wa bega umevunjika.

Hayo angeyavumilia. Kilichomchoma ni maneno ya Amoni. Kwa majirani, kwa mama yake, hata nje ya kanisa baada ya ibada, alisema akicheka: "Mke wangu kapewa baiskeli ya kisasa, imemshinda." Watu wakacheka naye.

Osea aliinama, akaigusa ile shokapu ya nyuma. "Mama, hii ina sura ya mlimani tu. Ni ya lami. Za kweli zenye shokapu mbili zipo, ila ni za wanaoteremka kwenye mawe kwa mchezo, na bei yake siyo ya duka hili. Kwa mtu anayepanda na mzigo, dawa ni hii." Alivuta baiskeli ya kijivu. "Shokapu mbele tu, nyuma fremu ngumu, nguvu yako yote inakwenda kwenye tairi. Breki za diski, mvua haizisumbui. Tairi pana zenye meno. Na karia inafungwa hapa."

"Kwa nini hukumuuzia hii?"

Osea aliiegemeza ile ya kijivu ukutani. Akamtazama Amoni. "Baba, nikujibie, au utajibu mwenyewe?"

Amoni alikuna shingo.

"Nilimweleza hivihivi," alisema Osea. "Nikamuuliza, anayeendesha anakaa wapi? Akasema milimani. Nikamwambia aache hiyo nyekundu. Akasema, 'Ni ya mwanamke, hatafika nayo mbali. Nipe inayong'aa.'"

Ikupa alihisi damu inampanda kichwani. Alimgeukia mumewe, na kwa mara ya kwanza tangu wazae hakumwita baba Leah.

"Amoni. Ulijua?"

"Mke wangu, nilitaka upate nzuri..."

"Nimelala na maumivu, wewe unanicheka kanisani, na ulijua! Sitafika mbali? Nani anafika mpaka kwa wagonjwa wa mwisho kule juu, mimi au wewe?"

Watu walikuwa wamesimama mlangoni. Amoni alimwomba wakaongelee nje. Ikupa alikataa. Aliijaribu ile ya kijivu kwa mkono mmoja, akabana breki, akapima urefu wa kiti, kisha akamwambia Amoni alipe. Amoni alilipa kwa pesa ya mavuno ya kahawa aliyoitenga kununulia simu mpya, bila kuomba kupunguziwa.

"Na Jumapili," alisema Ikupa, "uwaambie wote uliowachekesha."

Jumapili Amoni alisimama nje ya kanisa, akaeleza yote. Safari hii hakuna aliyecheka. Mama yake aliinamisha kichwa.

Bega lilipopona, Ikupa alirudi kazini. Asubuhi ya kwanza Amoni alishika usukani ili amsaidie kusukuma mpaka juu ya kilima.

"Toa mkono," alisema Ikupa. Bado alikuwa na hasira naye. Akapanda, akaweka gia nyepesi, akaanza kukipanda kilima.