Siku Tisini za Namunyak

Punda anayerudi kutoka kituo cha maziwa husikika kabla hajaonekana. Mitungi mitupu hugongana ubavuni mwake, na wanawake wa kijiji cha Korrompoi hujua ni nani amemaliza kazi ya asubuhi. Siku hiyo punda wa Namunyak alirudi kimya. Mitungi ilikuwa imejaa.

Alizunguka nyuma ya kanisa, akafuata njia ya mbuzi ili asikutane na watu. Hata hivyo alimkuta Mbithe, mwenye kioski, akianika nguo. Mbithe alimsalimu, akamtazama punda, kisha akazirudia nguo zake. Hakuuliza kitu. Ingekuwa afadhali angeuliza.

Kule kituoni, Kitengela, Muema, kijana wa kupima maziwa, alikuwa ametumbukiza kipimo chake cha kioo ndani ya maziwa, akainama kukisoma, akaandika.

"Mama, imekataa. Iko na maji."

Ulikuwa mwaka wa 2000, na mvua ilikuwa haijanyesha misimu miwili. Nyuma yake, kwenye foleni, mtu alisema kumbe kwa Namunyak imeshaanza kunyesha. Watu wakacheka. Namunyak naye alicheka kidogo, kwa sababu hakujua afanye nini na uso wake.

Ushirika wa maziwa wenye kituo kile waliuanzisha wanawake kumi na saba, na yeye alikuwa mmoja wao. Walichanga, wakanunua ploti kando ya barabara ya Namanga wakati watu hawakuitaka, wakajenga kibanda cha mabati. Tangi la kupoza maziwa lilipokuja, waume zao walijiandikisha, wakachagua kamati. Mwenyekiti alikuwa Parsaoti, mwanamume wa rika la mwanawe wa kwanza, aliyesoma na aliyejua kuongea na wakubwa. Katika mkutano mkuu uliopita Parsaoti alieleza kwamba kuna mwekezaji anayeitaka ploti, na kwamba ushirika utahamia Isinya, ambako kuna nafasi. Namunyak alisimama akauliza ni nani atakayetia sahihi. Kisha akasema kwamba mkutano ujao yeye atagombea kamati. Watu walipiga makofi. Parsaoti pia alipiga.

Hakuyaunganisha maneno hayo na maziwa yake kukataliwa. Alianza kwa kujichunguza mwenyewe. Alisugua mitungi kwa majivu, akaianika juani. Maziwa yakakataliwa. Alibadilisha malisho ya ng'ombe. Yakakataliwa. Kila mara alirudi kwa njia ya mbuzi, na jioni aliwapa ndama na mbwa maziwa ambayo watu walisema ni maji.

Miaka minne sasa alikuwa hakamui, kwa maana vidole vyake vilikuwa vimejikunja kwa baridi yabisi. Aliyekamua ni Zipporah, mke wa mwanawe Nashon. Nashon alikuwa askari wa geti Nairobi na alikuja nyumbani mara moja kwa mwezi. Zipporah alitoka Loitokitok, kwenye mifereji ya maji ya mlimani, na alipokuja kuolewa wanawake walimtania kwamba amekuja kujifunza kiu.

Wiki ya tatu Namunyak aliingia zizini asubuhi, Mbithe akiwa mlangoni amekuja kununua maziwa ya chai, akamwambia Zipporah kile alichokuwa amekiwaza usiku kucha.

"Kwenu maji ni mengi. Hapa hatuyatii kwa maziwa."

Zipporah alikuwa amechuchumaa chini ya ng'ombe. Hakuinuka, ila alimwita mama kwa Kimaa, lugha ya Wamaasai.

"Yeyo, mimi?"

Namunyak aligeuka akatoka. Zipporah alimaliza kukamua, kwa kuwa ng'ombe haachwi nusu, akanawa mikono, akampimia Mbithe maziwa yake. Kesho yake alimfunga mtoto wake mgongoni, akatembea hadi barabarani kutafuta gari la kwenda kwao. Namunyak alikaa ndani akiusikiliza mlango wa boma ukifungwa vizuri, kama unavyofungwa na mtu mwenye adabu.

Basi akaanza kukamua mwenyewe. Vidole havikushika, kwa hiyo alibana chuchu kati ya kidole gumba na ubavu wa mkono. Ng'ombe mmoja alimchukua kutoka giza hadi jua kuchomoza. Hakuna aliyegusa mtungi isipokuwa yeye. Aliufunga mfuniko kwa kitambaa na kumwongoza punda kwa mkono wake mpaka mbele ya Muema. Muema alitumbukiza kipimo, akaandika tena kwamba yana maji.

Namunyak hakuondoka. Alisubiri foleni iishe, watu wachukue mitungi yao, hata aliyekuwa akiosha sakafu akaenda kutafuta maji. Kisha akainyoosha mikono yake mbele ya kijana, kwa namna ilivyoweza kunyooka, akamwambia maziwa haya ameyakamua kwa hii.

Muema aliitazama mikono, akaangalia pembeni.

"Usijisumbue, mama. Hata ukileta ya malaika, nitaandika vile vile."

"Ni nani alisema?"

"Niko na watoto wawili. Mimi naandikwa kazi mwezi kwa mwezi."

Njia ya kurudi ilikuwa ndefu. Namunyak alingoja hasira ije, haikuja. Kilichokuja ni sauti ya Zipporah chini ya ng'ombe, ikiuliza neno lile moja.

Alimtuma shemeji yake Tajeu hadi Loitokitok kuomba msamaha. Tajeu alirudi baada ya siku mbili. Baba yake Zipporah alimkaribisha vizuri na kumchinjia, kisha akasema kwamba binti yake aliharibiwa jina mbele ya mtu wa nje, na sasa kila mtu sokoni Kitengela anajua ni mke wa nani anayetia maji. Msamaha wa kunong'onezwa hautoshi. Jina lisafishwe mbele ya watu wale wale, ndipo atamrudisha. Namunyak aliona ni haki. Akahesabu siku zilizobaki kufika mkutano mkuu, ambao ungekuwa na watu wale wale wote.

Mkutano ulifanyika Jumamosi, ndani ya ukumbi wa kanisa. Mlangoni karani alipitisha kidole kwenye orodha, akakirudisha, akapitisha tena. Akamweleza kwa upole kwamba katiba ya ushirika inasema mwanachama ambaye maziwa yake hayajapokewa kwa siku tisini si mwanachama hai. Hapigi kura, hagombei, hasemi mkutanoni. Leo ilikuwa siku ya tisini na nne.

Hakufukuzwa. Parsaoti mwenyewe alikuja, akainamisha kichwa aguswe, kama mtoto anavyosalimia wakubwa, akamshika mkono, akampeleka kwenye viti vya mbele pamoja na wageni. Kando yake alikaa mtu wa mwekezaji, akipepea uso kwa bahasha. Waliletewa soda.

Aliinua mkono mara mbili. Mara ya pili Parsaoti alimwona.

"Yeyo, leo uko mgeni wetu. Mgeni hatumsumbui na kazi za nyumba."

Watu wakacheka kwa heshima. Wanawake wanane waliobaki kati ya wale kumi na saba walitazama magoti yao. Ilipofika habari ya ploti, mikono iliinuliwa, Muema akatumwa kuihesabu, na jambo likapita.

Mwishoni Parsaoti alisema haingekuwa vizuri kuondoka bila baraka, na kwamba wamebahatika kuwa na mmoja wa akina mama walioanzisha kazi hii. Akamwomba afunge mkutano kwa maombi. Watu wote wakasimama. Wanaume wakavua kofia. Macho yakafumbwa.

Namunyak alisimama. Akaomba kwa Kimaa, sauti ikiwa juu kiasi cha kufika mlangoni.

"Mungu, maziwa yangu hayakuwa na maji."

"Naai," ukumbi ukaitikia kama kusema amina, vile baraka inavyoitikiwa kila mwombaji anapotua, asikilizwe asisikilizwe.

"Mke wa Nashon hakuyagusa. Nilimfukuza bure."

"Naai."

"Walioandika uongo wako humu ndani."

"Naai," sauti ya Parsaoti ikiwa nene kuliko zote.

Akafumbua macho, akatazama vichwa vilivyoinama safu kwa safu. Akatafuta neno ambalo lingewafanya wanyamaze. Alilitaja jina la Zipporah, akalitaja la baba yake, akalitaja la mtoto aliyefungwa mgongoni, na kila alipovuta pumzi waliitikia wote, Muema naye, aliyekuwa amejifunza neno hilo moja la Kimaa tangu aandikwe kazi.