Nchi Iliyonenepa kwa Wastani

Nchi ya Asalini ilijaliwa asali kuliko nchi zote za ukanda ule. Majabali yake yalivuja asali, mapango yake yalinata, na wageni walikuwa wakisema hata upepo wake unalambika. Juu ya neema hiyo aliketi Mfalme Kiboko. Kando yake alisimama Waziri wa Uchumi, Korongo, aliyesomea hesabu ng'ambo akarudi na miwani, pamoja na neno moja alilolipenda kuliko mkewe: wastani.

Kila mwaka baada ya mavuno, raia wote walipanga foleni uwanjani wakapimwa uzito, kuanzia pelele, yule mdogo wa mapangoni, hadi Mfalme mwenyewe. Korongo alijumlisha, akagawa kwa idadi ya vichwa, kisha akatangaza unene wa taifa. Kwa unene huo majirani waliiheshimu Asalini, na kwa unene huo Mfalme alipata usingizi.

Ukaja mwaka wa ukame. Asali yote ilivushwa mto kwenda kuuzwa kama kawaida, na majani mabichi yaliyoletwa kwa malipo yakaingia ikulu yasitoke. Mfalme akazidi kunona. Siku ya kupimwa ilipofika, Korongo akatangaza kwa furaha kwamba taifa limenenepa, na kwa kuwa limenenepa, mgao wa mtama umefutwa.

Nyegere, mkuu wa warina asali, aliisikia habari hiyo akiwa juu ya jabali. Alirudi nyumbani akamkuta mkewe anachochea chungu cha maji matupu ili watoto wadhani kuna kitu kinapikwa.

"Baba watoto," mkewe alisema, "mikono yako inanukia asali na wanao wanalala njaa. Nenda kamuulize huyo Korongo, huo unene kauona kwa nani?"

Nyegere akaenda barazani, akainama mbele ya kiti cha enzi.

"Mtukufu Mfalme, tumetangaziwa kwamba tumenenepa. Mimi mkanda huu nimeutoboa tundu jipya mara mbili, na si kwa kuulegeza."

Korongo akakohoa. "Ndugu Nyegere, wewe umekonda kama wewe. Kitakwimu umenenepa."

"Sasa mke wangu ampakulie yupi, Mheshimiwa? Mimi, au huyo wa kitakwimu?"

Mjumbe mmoja wa baraza akacheka, kisha akajifanya anapiga chafya.

"Na bei je?" Nyegere aliendelea. "Mtama hatuushiki."

"Bei zimeshuka," alisema Korongo. "Tunazipima kwa kapu maalumu. Humo mna matope ya kuogea, marashi, na mito ya manyoya. Vyote vimeshuka."

"Na mtama?"

"Mtama tuliutoa. Ulikuwa unapandapanda, unatuharibia kapu."

"Vijana wetu hawana kazi, Mheshimiwa."

"Wanatafuta?"

"Usiku na mchana."

"Basi hiyo ndiyo kazi yao."

Mfalme akapiga mwayo mrefu. "Nyegere, umesikia mwenyewe. Nchi imenona. Asiyeridhika, mto ule pale."

Alikusudia kumkejeli tu. Lakini Nyegere aliinama tena, akarudi nyumbani, na kulipopambazuka akavuka mto na mkewe na watoto. Ilimuuma. Alizaliwa kati ya majabali yale, na kila pango alilijua kama kinywa chake. Katikati ya maji akataka kugeuka atazame mara moja tu.

"Usigeuke," mkewe alimwambia. "Ukigeuka utarudi."

Siku ya kupimwa ilipofika tena, Korongo alijumlisha, akagawa, akarudia, akavua miwani. Unene wa taifa ulikuwa umepanda.

"Tumefanya nini?" Mfalme aliuliza.

"Nyegere na familia yake wameondoka, Mtukufu. Kumbe kila mwembamba akihama, taifa linanenepa!"

Mfalme akaamuru daraja lijengwe mara moja ili wembamba wasipate taabu ya kuogelea. Nungunungu wakavuka, pelele wakavuka, swala wakavuka huku wakilisifu daraja. Takwimu zikapaa. Majirani wakatuma ujumbe kuja kujifunza siri ya ustawi ule, nao wajumbe wakaondoka bila kupewa hata maji, kwa kuwa mpishi wa ikulu alikuwa amevuka juzi. Walinzi nao wakafuata, wakiwa wamebeba lango.

Wakabaki wawili. Asali ilitiririka mpaka mtoni, samaki wakailamba. Mfalme, ambaye chakula chake ni majani na si asali, mwenye njaa kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, alimgeukia Waziri wake.

"Korongo, wewe una uzito gani?"

"Mdogo tu, Mtukufu."

"Unaturudisha nyuma."

Korongo akajumlisha na kugawa kichwani. Hesabu ilikuwa yake mwenyewe. Akaiweka miwani sawa, akatandaza mbawa, akapaa.

Siku ile Asalini ikawa nchi nene kuliko zote duniani. Mfalme alisimama uwanjani akisubiri atangaziwe. Alisubiri mpaka njaa ikamzidi, akaliendea daraja lake, hatua nzito, ubao mmoja ukivunjika baada ya mwingine.

Upande wa pili alimkuta Kanga, karani wa mpakani.

"Jina?"

"Kiboko."

"Kazi?"

"Mfalme."

"Wa nani?"

Mfalme akageuka ili amwonyeshe. Nyuma yake hapakuwa na mtu, na mbao za mwisho zilikuwa zinaelea kwenda na maji. Akamrudia Kanga.

Nyegere alikuwa anapita na gunia la mtama begani. Alisimama. Alimtazama mkubwa yule aliyelegea ngozi, na maneno yote aliyokuwa akiyatunza moyoni kwa siku kama ile akayaacha.

"Andika: mwenye njaa," alimwambia Kanga. "Huyo namfahamu."