Kitabu cha Kigoma

Kitabu kilivuka ziwa kikiwa kimekunjwa ndani ya shati la kaka yake Mama Léontine, jirani yetu. Kilikuwa kitabu cha sheria za barabara chenye kurasa thelathini na mbili, jalada lake limeng'oka, na kiliandikwa kwa Kiswahili kutoka mwanzo hadi mwisho. Kwa sababu hiyo nilikipenda hata kabla ya kukifungua. Sheria za barabara za kwetu zilikuwa kwa Kifaransa, nami katika masomo ya akina mama kule misheni nilikuwa nimejifunza kusoma Kiswahili peke yake.

Mume wangu, Pontien, alikuwa ameketi kando ya shofere kwa miaka kumi na mmoja. Alikuwa msaidizi wa Mzee Sébastien katika kamio, lori la mizigo, la Bwana Onésime, mfanyabiashara wa unga wa muhogo. Kazi yake ilikuwa kufunga turubai na kuweka mawe nyuma ya magurudumu mlimani. Na mzee alipochoka, alimwachia usukani hadi karibu na mji. Mzee Sébastien alipofariki katika vurugu za mwaka 1964, Bwana Onésime alimkabidhi Pontien ufunguo, asimuulize karatasi yoyote. Katika safari ya tatu, kwenye barieri, yaani kizuizi, ya njia ya Niemba, askari wakamuuliza. Walimshika siku mbili. Alirudi nyumbani akitembea bila viatu, na aliniambia neno moja tu: "Wamesema wakinikuta tena bila permi, hawataniuliza tena."

Mtihani wa permi, yaani leseni ya kuendesha gari, ulikuwa umepangwa Ijumaa ya wiki iliyofuata. Ule mwingine ungekuja baada ya miezi mitatu. Karani angeuliza kwa mdomo, na aliyeshindwa sheria hakupewa nafasi ya kuonyesha kwamba mikono yake inajua kuendesha.

Tulijifunza kila siku baada ya chakula cha mchana, mlangoni, mahali penye mwanga. Nilichora barabara kwa mkaa juu ya sementi, na makopo mawili ya sardini yakawa magari yetu. Siku ya kwanza Mama Léontine alipita na ndoo yake, akasimama kutazama.

"Papa Emilie, sasa unajifunza kwa bibi? Kesho atakufundisha na kunyoa ndevu!"

"Mwache, Mama Léontine," alijibu Pontien. "Wako hata akifundishwa na askofu hawezi kuendesha baiskeli."

"Wangu baiskeli aliuza, akanywa. Angalau haianguki tena."

Tulicheka sote watatu. Ninakumbuka kicheko kile, kwa kuwa kilikuwa cha mwisho katika masomo yetu.

Nilisoma sheria ya kwanza kwa sauti, kidole changu kikifuata mstari: "Endesha gari lako upande wa kushoto wa barabara."

Pontien aliinua kichwa. "Kushoto? Mama Emilie, nikienda kushoto nitapanda juu ya pua ya kila kamio linalotoka sokoni."

Alisema kweli, hata mtoto wetu Emilie aliijua kweli hiyo. Ndipo akanieleza kwamba kule Kigoma, ng'ambo ya maji, magari hupita kushoto, kwa jinsi Waingereza walivyowazoesha. Aliona nimehuzunika, akanishika bega. "Basi, turudishe kitabu. Nitasema ninayoyajua."

Lakini mimi sikutaka kukirudisha. Nilikuwa nimejifunza kusoma nikiwa na umri wa miaka thelathini na minne, huku nimembeba mtoto mgongoni, na hiki kilikuwa kitabu cha kwanza ambacho nyumba yetu ilikihitaji kweli. Nilifikiri usiku mzima, na asubuhi nikawa nimepata njia. Nilichonga penseli. Kila mahali palipoandikwa kushoto, niliandika juu yake kulia. Na kila palipoandikwa kulia, niliandika kushoto. Wao hulipita gari lililo mbele kwa kulia, sisi tutalipita kwa kushoto. Mtembea kwa miguu wa kwao hutazama kwanza kulia, wa kwetu atatazama kwanza kushoto. Kila sheria niliyoigeuza, Pontien aliijaribu kwa makopo juu ya sementi, akaitikia: "Ndiyo. Njo vile."

Nilijiona mwenye akili. Siwezi kulificha jambo hilo.

Siku ya nne tulifika ukurasa wa kumi na tisa. Kitabu kilisema kwamba kwenye njia panda isiyo na alama yoyote, umpe nafasi yule anayetoka kulia kwako. Nilikuwa nimekwisha kuigeuza kama nyingine, nikasoma: "Umpe nafasi yule anayetoka kushoto kwako."

Pontien alisogeza kopo moja, akalirudisha. Alisogeza la pili.

"Hapa hapana," alisema. "Mzee Sébastien alikuwa anamwachia yule wa kulia. Kila mara. Hata akiwa na haraka, hata akitukana. Pale karibu na posta alisimama mpaka nilikuwa namwambia, Mzee, tutalala hapa?"

"Labda alimwogopa wa kulia kwa sababu nyingine."

"Kila siku? Miaka kumi na mmoja?"

"Papa Emilie," nilimwambia, "zile nyingine zote zimegeuka sawasawa. Hii moja itakataa kwa nini? Mzee Sébastien, Mungu amrehemu, hakujua kusoma. Kitabu ni kitabu."

Alinitazama, kisha akatazama mikono yake. Hakubishana tena. Tangu siku ile hakunijibu tena kwamba njo vile. Nilisoma, naye alirudia maneno yangu jinsi nilivyoyasema, na mimi nilidhani hayo ndiyo maendeleo.

Ijumaa tulikwenda pamoja birooni, kwenye ofisi ya karani. Wanawake hawakuruhusiwa kuingia, kwa hiyo niliketi kwenye baraza, chini ya dirisha lililokuwa wazi, nikiwa na kitabu ndani ya kitambaa. Ndani palikuwa na meza iliyochorwa barabara, na juu yake magari madogo ya mbao. Karani alikuwa mtu mzima mwenye sauti ya upole. Aliuliza alama, Pontien akazitaja zote. Aliuliza juu ya kulipita gari, juu ya kuvuka reli, juu ya taa za jioni. Pontien alijibu bila kukwama. Nilianza kuwaza jinsi tutakavyoihifadhi permi ndani ya karatasi ya nailoni ili isilowe.

"Sasa wewe uko hapa," alisema karani, na nikasikia gari la mbao likigonga meza. "Mwenzako anatoka hapa, mwingine anatoka huku. Hakuna alama. Unampa nani nafasi?"

Kimya. Nilijua kwamba ndani ya kimya kile Mzee Sébastien na mimi tulikuwa tunashindana, na nikaomba nishinde mimi.

"Wa kushoto," alisema Pontien.

"Kushoto kwa nani?"

"Kwangu."

"Fikiri vizuri, Papa. Hilo njo linaloua watu."

"Wa kushoto," alirudia, lakini sauti yake ilikuwa ndogo.

Karani alishusha pumzi. "Ni wa kulia. Hapa kwetu ni wa kulia, na ng'ambo ni wa kulia vilevile. Nani alikufundisha hivi?"

"Ni mimi mwenyewe," alijibu mume wangu. "Nilijifunza vibaya."

Niliinuka. Sikukumbuka kwamba nilikatazwa. Niliingia mbele ya wanaume wote waliokuwa wakingoja zamu yao, nikafungua kitambaa, nikaweka kitabu mezani na kusema kwamba kosa lilikuwa langu. Kwamba yeye alijua, nami nilimkatalia. Karani alifungua kurasa, akaitazama penseli yangu kwa muda mrefu.

"Kazi kubwa, Mama," alisema. "Sheria zote umezigeuza vema. Ni moja tu haikutakiwa kugeuzwa." Alifunga kitabu, akanirudishia. "Arudi mwezi wa tano."

Mmoja wa waliokuwa wakingoja alicheka. Pontien alitoka mbele yangu, na kwenye ngazi aliniambia bila kugeuka: "Mara ya kwanza ulininyamazisha nyumbani. Sasa umesema kwa ajili yangu mbele ya watu."

Jumatatu Bwana Onésime alikuja mlangoni. Kamio lingeondoka Jumatano kwenda Niemba. Alikuwa amepata kijana mmoja, Damien, mwenye permi mpya, lakini hajaijua njia ile. "Ukitaka, Pontien, ufunguo bado ni wako," alisema. "Barieri si kila siku iko na watu wakali. Fikiri, unijibu kesho."

Alipokwenda zake, neno "usiende" lilikuwa tayari kwenye ulimi wangu. Nililimeza. Nilikuwa nimekwisha kuyafanya maneno yangu kuwa mazito kuliko aliyoyajua yeye. Niliketi chini mahali pa makopo, nikamwuliza: "Papa Emilie, unajua nini juu ya barieri ile? Niambie wewe."

Aliketi kando yangu. Kisha akanisimulia siku zile mbili, jambo ambalo hakuwa amelifanya kamwe. Sitaandika yote. Walikuwa wanne katika chumba kile, nao walitoka wawili. Yule aliyelala karibu naye, ambaye hakutoka, alikuwa shofere wa kamio la mbao, mwenye watoto sita, naye pia alikuwa ameambiwa mara ya kwanza kwamba hataulizwa tena.

Mkaa wa masomo yetu ulikuwa bado haujafutika kwenye sementi.

"Nitarudisha ufunguo," alisema mwishoni. "Msaidizi haulizwi permi."

Jumatano asubuhi nilisimama kando ya barabara, karibu na posta, kwenye ile njia panda ya Mzee Sébastien. Kamio lilikuja, Damien kwenye usukani akiwa amenyoosha shingo, na mume wangu mahali pake pa miaka kumi na mmoja. Upande wa kulia gari dogo lilikuwa linakuja. Damien hakupunguza mwendo. Niliuona mkono wa Pontien ukitoka dirishani, umenyooka, ukionyesha kulia. Na kamio likasimama kwa kishindo, unga ukatimka juu ya turubai.

Gari dogo lilipita. Mkono ulibaki nje kitambo, kisha ukarudi ndani, wala haukunipungia.